Wembe mmoja mwezi mzima: ni homoni, au ni barabara?

*Shikamoo Daktari,*

Mimi ni dereva wa malori, nina miaka 46. Naenda Dar hadi Tunduma, na mzigo ukitaka navuka mpaka hadi Lubumbashi. Nina mke na watoto wawili, na tulikuwa tumepanga wa tatu.

Tatizo langu naona aibu hata kuliandika. Mwaka mmoja na nusu sasa sina hamu ya mke wangu. Ningekuwa nashindwa tu ningeelewa, lakini hata kutaka sitaki. Zamani nikirudi safari ya wiki mbili, siku ya kwanza hatulali. Siku hizi nafika, naoga, nakula, nageukia ukutani. Mke wangu alianza kwa utani, baadaye akanyamaza, na mwezi uliopita akaniuliza wazi kama nina nyumba ndogo Mbeya. Niliapa sina. Hakuniamini, na ningekuwa yeye hata mimi nisingeamini.

Ile hali ya mwanaume anapoamka asubuhi, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Kingine ni ndevu. Nilikuwa nanyoa kila baada ya siku moja, nikichelewa utingo wangu ananiita sheikh. Sasa wembe mmoja unanitosha karibu mwezi. Tumbo limetoka, mkanda nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari, na kifua kimekuwa laini na kinauma nikikibonyeza. Shati jeupe sivai tena. Mzani wa zahanati ulisoma kilo 108, na mimi si mrefu.

Nachoka sana. Kwenye foleni ya mizani nasinzia na injini inaunguruma. Mwezi wa tatu, kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni, utingo ndiye aliyedaka usukani. Usiku naamka kukojoa mara tatu au nne. Mke anasema nakoroma mpaka watoto wanalalamika chumba cha pili, halafu nanyamaza kabisa, halafu nashtuka navuta pumzi kama mtu aliyetoka kupiga mbizi. Mgongo unaniuma siku nyingi, natumia tramadol mbili asubuhi na mbili jioni, huu ni mwaka wa pili. Sijui kama inahusu.

Mama anasema nimefungwa, nipelekwe kwa mtaalamu anayemjua. Wenzangu pale maegesho walinipa unga wa kuchanganya na asali. Siku ile mwili ulifanya kazi, lakini kichwa kiliuma vibaya, moyo ukaenda mbio, na hamu yenyewe haikuja. Mwishowe nikaenda maabara moja ya binafsi. Ilikuwa saa kumi jioni, nimetoka kushusha mzigo, nina siku mbili sijalala vizuri. Wakapima testosteroni, ikaja 8.1. Aliyenipa karatasi akasema homoni zangu zimekwisha, nianze sindano kila wiki mbili, na nikilipia miezi sita mapema nitapunguziwa. Nusu ya hela ninayo tayari.

Daktari, nichome? Na nitajuaje kama kweli homoni imepungua, au ni uzee umeingia?

*Dereva wa masafa, Pwani*

---

Marahaba, mdogo wangu.

Sindano usichome kwa sasa, na hela yako usiipeleke popote. Una kazi nyingine nayo, nitakueleza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye wembe. Wengi wanaoniandikia husema neno moja tu, nguvu zimeisha, basi. Wewe umenitajia ndevu, kifua na asubuhi. Hayo ndiyo ninayomuuliza mwanaume nikiwa naye ana kwa ana na mlango umefungwa, na wengi hawajawahi kuyatazama.

Shida yetu inaanzia kwenye lugha. Tunasema "nguvu za kiume", na hapo tumebebesha neno moja mambo matatu. Kuna hamu, yaani kule kutaka kwenyewe. Kuna kusimama kwa uume. Na kuna mbegu. Kila moja lina njia yake mwilini, na linaweza kuharibika peke yake huku mengine yakiwa salama. Kusimama ni kazi ya mishipa ya damu na neva zaidi ya kitu kingine. Mtu mwenye sukari au presha ya miaka mingi anaweza kuwa na hamu tele na mwili ukamgomea. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, uume huonyesha mapema, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Mwingine anaamka asubuhi mwili uko sawa, lakini akiwa na mkewe anashindwa. Huyo mara nyingi ana hofu, madeni, au ugomvi ambao haujasemwa. Testosteroni, homoni inayotengenezwa kwenye korodani, kazi yake kubwa ni ile ya kwanza: kutaka.

Sasa rudi kwenye ule unga wa asali. Mwili ulifanya kazi, hamu haikuja. Bila kujua ulijifanyia kipimo. Unga wa namna hiyo, unaouzwa bila lebo kwa jina la dawa ya asili, wadhibiti wa dawa wa Marekani wameupima mara nyingi na kukuta umechanganywa sildenafil, ile ile dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Hiyo hufungulia damu. Haigusi hamu, na si dawa ya homoni. Kichwa kuuma na moyo kwenda mbio ni madhara yake yanayofahamika, na kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati, presha inaweza kuporomoka akafa. Usiurudie, na wenzako pale maegesho waambie.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika nchi kadhaa za Ulaya, ukihusisha wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79. Waliuliza kila aina ya malalamiko: uchovu, huzuni, kushindwa kupiga magoti, kukosa usingizi. Kisha wakalinganisha na damu. Dalili zilizofuatana na testosteroni ndogo kwa uhakika zilikuwa tatu: kupungua kwa mawazo ya tendo la ndoa, kupotea kwa kusimama kwa asubuhi, na kushindwa kusimamisha. Walioonekana kuwa na zote tatu pamoja na damu yenye upungufu walikuwa karibu wawili tu katika kila mia. Ninakutajia hili kwa sababu mabango ya siku hizi yanamwambia kila mwanaume aliyechoka kwamba homoni zake zimekwisha. Uchovu peke yake haukuambii kitu. Hata malaria huchosha, hata deni.

Na uzee? Testosteroni hushuka kidogo kidogo tangu miaka ya thelathini na kitu, kama asilimia moja kwa mwaka. Kwa mwendo huo huwezi kufika miaka 46 ukawa hunyoi. Wewe una hamu iliyokwenda, asubuhi iliyokwenda, ndevu zilizopungua kasi, na kifua kilichovimba kikauma. Hilo la kifua lina maelezo yake: mafuta ya mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na tumbo likikua, mgeuzo nao unakua. Kwa hiyo ninaamini kuna jambo la kweli kwenye homoni zako, na umefanya vizuri kuliona. Ninachokataa ni kuanza kutibu kabla ya kujua limetoka wapi.

Tuichukue ile karatasi. Kipimo chako nadhani ni nanomoli kwa lita. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa desilita, na 8.1 yako ingesomeka kama 234. Ni ndogo, kweli. Lakini testosteroni huwa juu alfajiri na kushuka mchana, chakula huishusha, ugonjwa huishusha, kukosa usingizi huishusha. Kuna vijana kumi wenye afya njema waliochunguzwa Chicago, matokeo yakatoka 2011: walilala kwa saa tano tu kila usiku, wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wewe ulipimwa saa kumi jioni, umetoka kushusha mzigo, siku mbili hujalala. Kipimo hicho kilipima safari yako. Aliyekupa karatasi alipaswa kukuuliza ulilala lini kabla ya kukupangia bei, na inaniuma kwamba hakuuliza.

Kipimo cha haki ni hiki. Pumzika nyumbani angalau siku tatu. Nenda kati ya saa moja na saa nne asubuhi, hata chai hujanywa. Ikija ndogo, rudia siku nyingine kwa saa zile zile. Bila mbili za asubuhi, hakuna daktari makini atakayekuandikia homoni. Kati ya 8 na 12 ni eneo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu testosteroni nyingi damuni hubebwa na protini, na kwa mtu mnene protini hiyo hupungua. Jumla inasomeka chini wakati ile huru, inayofanya kazi, bado ipo. Mwombe daktari aliangalie na hilo.

Siku hiyo hiyo wapime LH, FSH na prolaktini, homoni tatu zinazotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Hapa usiruke, nifuate vizuri. Korodani hazijiamulii zenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, pituitari, inayotuma amri, na amri hiyo ndiyo LH. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa juu sana, tezi inapiga kelele na korodani haziitikii: labda ziliumia, labda ulipata matumbwitumbwi ukubwani yakashukia huko, labda ni jambo la kuzaliwa nalo. Testosteroni ikiwa chini na LH nayo iko chini au kimya, amri haitumwi, na shida iko juu. Mara nyingi ni unene, sukari, dawa au usingizi. Mara chache ni uvimbe kwenye tezi yenyewe.

Kwa huo uvimbe nina swali ambalo dereva anaweza kulijibu kuliko mtu yeyote. Je, siku hizi magari yanayokupita yanakushtua, kana kwamba yametokea hewani? Vioo vya pembeni unalazimika kugeuza kichwa kizima kuviona? Tezi ikivimba hukandamiza neva za macho, na kinachopotea kwanza ni kuona pembeni. Mbele unaona sawasawa. Kama jibu ni ndiyo, au una kichwa kinachouma kila siku, au chuchu zinatoa maji ya maziwa, usisubiri foleni yoyote. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hii na useme hivyo hivyo.

Sasa lile ulilolipitia haraka, na mimi ndilo lililoninyima usingizi. Unakoroma, unanyamaza, unashtuka kuvuta pumzi, mchana unasinzia. Koo lako linajifunga usiku, pumzi inakatika, ubongo unakuamsha ili usife, na hili linarudiwa mara nyingi usiku mzima. Unadhani umelala saa sita, kumbe hujalala. Hali hii huenda pamoja na unene na huenda pamoja na testosteroni kushuka. Tramadol inaizidisha, kwa sababu inaupunguzia ubongo ari ya kuvuta pumzi.

Mdogo wangu, usukani ulidakwa na utingo. Mbele ya Ruaha Mbuyuni kuna mlima wa Kitonga na kona zake kali. Nakuomba, na ninaomba kwa moyo wote, usiendeshe usiku na usiendeshe peke yako mpaka upimwe usingizi. Mweleze mwajiri wako kwamba una ugonjwa wa kukatika pumzi unaochunguzwa na unahitaji dereva wa pili. Najua mzigo usipotembea hela haiingii. Lakini mambo yote mengine kwenye barua yako yanaweza kungoja mwezi mmoja, na hili haliwezi.

Tramadol inahusu, tena sana. Dawa za jamii ya afyuni zikitumika muda mrefu hunyamazisha amri kutoka kwenye tezi, na mwanaume anapoteza hamu bila kushuku vidonge vya mgongo. Lakini usiache ghafla leo jioni: baada ya mwaka mzima mwili utakusumbua kwa jasho, kutetemeka, kuhara na wasiwasi, na wengine hupata degedege. Mpelekee daktari maboksi uliyonayo, apunguze taratibu, na mgongo utafutiwe matibabu ya mazoezi ya viungo.

Kukojoa mara nne usiku naishuku sukari. Pima ya asubuhi kabla ya kula, na ile ya miezi mitatu, HbA1c. Ongeza presha, mafuta ya damu, wingi wa damu, ini na VVU. Virusi navyo vinaweza kushusha homoni, na kwa mtu yeyote mwenye dalili hizi ni kipimo cha kawaida, hakimshtaki mtu.

Hizo ndizo kazi za hela yako.

Kwa nini nakuzuia sindano wakati nakubali homoni huenda ni ndogo? Ulisema mlipanga mtoto wa tatu. Ukidungwa testosteroni, tezi inaona damuni imejaa, inaacha kutuma amri. Korodani zinapumzika, zinasinyaa, na mbegu zinapungua hadi zinaweza kwisha kabisa. Ukiacha sindano kwa kawaida zinarudi, ila huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na wapo ambao hawarudi sawasawa. Je, aliyekuuzia miezi sita alikuambia? Kuna njia za kuamsha korodani zenyewe kwa mwanaume anayetaka mtoto, na hizo zinaandikwa na bingwa wa homoni baada ya kuona LH yako. Pili, testosteroni hufanya damu iwe nzito. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54 matibabu husimamishwa. Mtu anayekaa kitini saa kumi na mbili kwa siku hataki damu nzito. Tatu, kukatika pumzi usiku ambako hakujatibiwa kunaweza kuwa kubaya zaidi kwa sindano hizo.

Siziogopi sindano zenyewe. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti wa Marekani kwa wanaume zaidi ya 5,000 wenye upungufu wa kweli na hatari ya moyo, na mshtuko wa moyo haukuongezeka kwa waliopewa testosteroni ya kupaka, ingawa mapigo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni viliongezeka kidogo. Nimeona wanaume waliopata upungufu wa kweli wakarudi kwenye maisha yao kwa dawa hii. Walipimwa kwanza, na walifuatiliwa damu na tezi dume.

Wewe una mengi ya kurekebisha kabla ya kufika huko. Uzito ukishuka, testosteroni hupanda yenyewe; lenga kwanza kilo kumi. Anza na soda na vinywaji vya kukesha vya barabarani, na kutembea nusu saa kila unapoegesha. Supu ya pweza kunywa, ni chakula kizuri, ila usiipe kazi ya kutibu. Usingizi ukitibiwa na tramadol ikipungua, rudia kipimo baada ya miezi mitatu. Wako wanaopona hapo hapo.

Mama msalimie. Anaona mwanawe amebadilika na anatafuta chanzo, na kuhusu kuwepo kwa chanzo hajakosea. Mwambie akuombee dua, na kwamba damu inapimwa kwanza.

Mkeo mpe barua hii aisome mwenyewe, yote, pamoja na ya kwako. Halafu uende naye kwa daktari wa magonjwa ya ndani, kwa sababu yeye ndiye aliyehesabu ukimya wako usiku na daktari atataka kumsikia. Shemeji, kama unasoma: mtu mwenye nyumba ndogo hapotezi ndevu. Mumeo anaumwa.

Majibu ya asubuhi zote mbili yakitoka, niandikie namba zote jinsi zilivyo kwenye karatasi, na saa uliyotolewa damu.